Mlio wa Spika na Rada ya Gari: Maelezo Kuhusu Osileta za Mawimbi ya Milimita



Mwaka jana tulipokuwa katika mazoezi ya maulidi ya madrasa, yalitufika yale ambayo kila msikiti wenye spika umeyapata. Kijana mmoja wa darasa la tatu alichukua maiki akasogea nayo hadi mbele ya spika. Hapo hapo ukazuka mlio mkali, "wiiiii", watoto wakaziba masikio, na kinamama waliokuwa wakipika uani wakatoka kuuliza kuna nini. Tulipozima amplifaya na utulivu kurudi, kijana yule, badala ya kuomba radhi, aliuliza: "Ustadhi, mimi sikusema kitu. Sasa ile sauti kaitoa nani?"

Swali lile tulilijibu vibaya. Tulimwambia, "Ni mashine hiyo, usiisogelee tena," tukaendelea na kasida. Usiku swali likaturudia, nasi tukaona kwamba hatulijui jibu. Ikabidi tumtafute kijana wetu mwingine, aliyesoma hapa zamani na sasa anasomea uhandisi wa umeme, atufafanulie. Alipoanza na spika, akaenda kwenye redio, kisha simu, mwisho akatufikisha kwenye rada zinazofungwa mbele ya magari ili yasigonge watu. Kumbe vyote hivyo vina mlio ule ule ndani yake. Makala hii ni jibu tunalodaiwa na yule wa darasa la tatu, na tunaliandika hapa ili na wengine walipate.

Ukweli ni kwamba sauti ile hakuitoa mtu. Amplifaya haina kimya kamili. Ndani ya nyaya zake chembe za umeme hutikisika kwa sababu ya joto tu, hata pasipo na anayesema, na ukitega sikio karibu na spika utaisikia ile "shshsh" ndogo. Ndani ya shshsh hiyo mna sauti za kila namna, nene na nyembamba. Spika huzitoa, maiki huzipokea, zikarudi kwenye amplifaya, zikakuzwa, zikatoka tena. Nyingi hufika zimepishana na zile zilizotangulia, zikauana. Lakini ipo moja ambayo kila ikizunguka hurudi na nguvu zaidi ya ilivyotoka, tena hurudi kwa wakati wake barabara, kilele juu ya kilele. Hiyo ndiyo inayokua, ikakua, hadi amplifaya ifike mwisho wa uwezo wake, na hapo mlio unatulia kwa ukubwa huo huo mpaka mtu auzime.

Masharti hayo mawili, yaani kurudi na nguvu ya kutosha na kurudi kwa wakati, yanaitwa kwa jina la Mjerumani Heinrich Barkhausen, aliyeyaeleza mwaka 1921. Kifaa kinachofanya kwa makusudi yale ambayo kijana wetu aliyafanya kwa bahati mbaya huitwa osileta. Kila redio inayo, kila simu inayo. Kazi yake ni kupiga mpigo mmoja tu, bila kuchoka na bila kuyumba, na juu ya mpigo huo ndipo maneno na picha hupakiwa yakasafiri.

Katika msikiti, sauti ya mlio huamuliwa na umbali wa maiki na spika na umbo la chumba. Katika osileta ya redio huamuliwa na vitu viwili: koili na kapasita. Kapasita ni mabamba mawili yanayokaribiana bila kugusana, na huhifadhi chaji ya umeme. Koili ni waya uliozungushwa, nao huhifadhi nguvu kwa njia ya usumaku. Ukiviunganisha pamoja, umeme huenda na kurudi baina yao kama maji kwenye beseni uliyoiinua upande mmoja ukaiachia. Beseni kubwa, maji huenda taratibu. Kikombe, hutikisika haraka. Hali kadhalika, koili na kapasita zikiwa kubwa mpigo huwa wa polepole, zikiwa ndogo huwa wa kasi. Wanafunzi wa sekondari wataijua kanuni yake: masafa ni 1 gawanya kwa 2π mara kipeo cha pili cha LC, ambapo L ni ukubwa wa koili na C ni ukubwa wa kapasita. Hapa tumesema kipeo cha pili kwa haraka. Tunakusudia kipeuo, yaani namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata LC. Wengi hukosea papo hapo kwenye mtihani, na sisi tulikosea.

Maji ya beseni hatimaye hutulia, maana kila yanapogonga ukingo hupoteza nguvu. Umeme nao hupoteza nguvu kwa ukinzani wa nyaya. Kwa hiyo panahitajika mkono wa kusukuma, kama anayesukuma bembea ya mtoto: kidogo tu, lakini kila bembea inaporudi. Mkono huo ni transista. Katika osileta za siku hizi huwekwa transista mbili zinazotazamana, hii ikiamrishwa na ile na ile ikiamrishwa na hii, na kwa kupokezana hurudisha nguvu yote iliyopotea.

Hapa tuseme kidogo kuhusu transista yenyewe. Aina inayotumika leo karibu katika kila chipu ilitengenezwa mwaka 1959 katika maabara za Bell nchini Marekani na watu wawili, Dawon Kahng, Mkorea, na Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said nchini Misri aliyesoma Chuo Kikuu cha Kairo kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 1963 Frank Wanlass akaonyesha namna ya kuzipanga kwa jozi za aina mbili zinazokamilishana, ili zisile umeme zinapokuwa zimetulia. Mpango huo ndio unaoitwa CMOS, nao hutamkwa "simosi". Simu iliyo mfukoni mwa mzazi anayesoma makala hii ina mabilioni ya transista za namna hiyo.

Sasa tuje kwenye neno la pili, yaani osileta inayoongozwa na volteji. Osileta yenye mpigo mmoja usiobadilika haitoshi. Redio lazima ihame kutoka stesheni hadi stesheni, na simu lazima ihame kutoka njia hadi njia kadiri mnara unavyoiamuru. Redio za mababu zetu zilikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha, na ndani yake mabamba ya kapasita yalisogea. Ndani ya chipu hakuna cha kuzungusha. Badala yake hutumika kapasita ya pekee iitwayo varakta, ambayo ukubwa wake hubadilika kwa kubadilisha volteji unayoipa. Volteji ikipanda au kushuka, kapasita hutanuka au kunywea, na masafa hufuata.

Na mawimbi ya milimita ni nini? Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Stesheni ya FM hupiga takriban mara milioni 100 kwa sekunde, yaani megahezi 100, na wimbi lake moja lina urefu wa mita 3. Ukifika gigahezi 30, ambayo ni mara bilioni 30 kwa sekunde, wimbi limefupika kuwa milimita 10. Kwenye gigahezi 60 ni milimita 5. Kutoka gigahezi 30 hadi 300 ndipo wimbi huhesabiwa kwa milimita, na ndiyo maana ya jina.

Wengi hudhani mambo haya ni mapya. Jagadish Chandra Bose, mwalimu wa fizikia mjini Calcutta, aliyafanyia majaribio mawimbi ya milimita kadhaa tu mwaka 1895, na mbele ya watu aliligonga kengele na kuilipua baruti kutoka mbali bila waya. Lakini vifaa vyake vilitumia cheche. Kwa miaka mingi baadaye, kupata mpigo safi wa mawimbi hayo kulihitaji vifaa vya bei kubwa mno, na wenye navyo walikuwa hasa majeshi na wanaanga.

Bei ndiyo kiini cha jambo. Chipu za CMOS huchapwa kwa wingi kama magazeti, kwa hiyo zikitoka nyingi kila moja huwa rahisi. Lakini hadi miaka ya 1990 mafundi wengi waliamini CMOS inafaa kwa mahesabu ya kompyuta tu, haifai kwa redio, kwa sababu silikoni hupitisha umeme kidogo na hunyonya nguvu ya mawimbi. Walioonyesha kinyume chake ni pamoja na Asad Abidi, mwenye asili ya Pakistan, na Behzad Razavi, aliyetoka Iran, wote wakifundisha chuo cha UCLA kule California. Katikati ya miaka ya 2000 kikundi cha Ali Niknejad na Robert Brodersen huko Berkeley kiliitumia CMOS ya nanomita 130, ambayo wakati huo ilikuwa ya kawaida kabisa, kutengeneza saketi za gigahezi 60. Kutoka hapo mlango ukafunguka. Mwaka 2017 kampuni ya Texas Instruments ilitangaza rada nzima ya gari, ya gigahezi 76 hadi 81, katika chipu moja ya CMOS. Kile kilichokuwa cha jeshi sasa kinaweza kufungwa kwenye gari la mtu wa kawaida.

Basi kwa nini kijana wetu mhandisi anasema kuitengeneza osileta hii ni "kazi ya kunyoa mvi"? Tufanye hesabu pamoja, tena pole pole, maana hapa ndipo utamu wa somo ulipo.

Chukua kwanza osileta ya gigahezi 2.4, ile ya intaneti ya nyumbani isiyo na waya. Ukiweka koili ya pikohenri 2,000, kanuni inakutaka uwe na kapasita ya femtofaradi 2,200 hivi. Usiogope majina, femtofaradi ni kipimo kidogo sana cha kapasita, na hapa tunazihesabu kama shilingi. Ndani ya hizo 2,200, transista na nyaya zenyewe zitakula kiasi, kwa sababu waya wowote unaopita juu ya silikoni ni kapasita pia, upende usipende. Lakini kinachobaki ni kikubwa. Ni kama mwenye mshahara mnono: baada ya kodi na mchele bado anazo za kununua kanzu mpya.

Sasa panda hadi gigahezi 60. Koili inakuwa ya pikohenri 100, pete moja tu ya waya ambayo upana wake unakaribia unene wa unywele wa mtu. Kanuni inakupa kapasita ya femtofaradi 70. Sabini tu! Kodi haijapungua. Transista ili zisukume bembea lazima ziwe na ukubwa fulani, na nyaya lazima zifike. Tuchukulie kwamba hizo zimekula 45. Umebaki na 25 kwa ajili ya varakta, na varakta nayo haiwezi kunywea hadi sufuri. Tuseme inakwenda kutoka 17 hadi 33. Jumla yako basi inakwenda kutoka 62 hadi 78. Iingize kwenye kanuni, utaona osileta yako inafika kutoka gigahezi 57.0 hadi 63.9.

Je, inatosha? Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2012 cha kuunganisha kompyuta katika bendi hiyo kiligawa njia nne. Katikati ya njia ya kwanza ni gigahezi 58.32, ya pili 60.48, ya tatu 62.64, ya nne 64.80. Umezipata tatu, ya nne imekushinda. Unasema, basi nitapunguza koili iwe 90. Vizuri. Sasa unafika kutoka 60.1 hadi 67.4. Umeipata ya nne, umeipoteza ya kwanza. Hili ni shuka fupi: ukilivuta kichwani, miguu iko nje.

Na hapo bado hatujakosea kitu. Tuseme katika kuchora chipu umezipitisha nyaya njia ndefu kidogo, zikaongeza femtofaradi 5. Kwenye ile osileta ya 2.4 hizo 5 usingezihisi. Hapa zinakushusha: mwisho wako wa juu sasa ni 61.5, na njia ya tatu nayo imekwenda. Au umeacha vipande vya waya vya jumla ya mikromita 10 baina ya koili na transista. Mikromita moja ya waya huongeza takriban pikohenri moja, kwa hiyo koili yako ya 100 imekuwa 110, na ile 60 uliyoikusudia imekuwa 57. Kwa kitu ambacho jicho halikioni! Aidha kiwanda hakiwezi kutoa chipu mbili zilizo sawasawa, na gari likianikwa juani chipu hubadilika kwa joto. Kwa hiyo mwenye busara hatengenezi osileta inayotosha, anatengeneza inayozidi, ili ikihamahama bado bendi iwe ndani yake.

Msomaji makini atauliza: kwa nini basi tusiikuze varakta ile sehemu kubwa ya 70? Swali zuri, nalo linatupeleka kwenye kelele.

Kila bembea ina uzuri wake. Nyingine ukiisukuma mara moja huenda na kurudi mara nyingi kabla ya kusimama. Nyingine ina kutu, inasimama mapema. Wahandisi hupima jambo hilo kwa namba wanayoiita Q. Kipande cha fuwele kilichomo ndani ya saa ya mkononi kina Q ya makumi ya maelfu. Koili ya pete moja ndani ya chipu ya gigahezi 60 huwa na Q ya 20 hivi. Varakta ndiyo mbaya zaidi: kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo ukinzani mdogo uliomo ndani yake unavyouma, na Q yake huweza kushuka hadi 10 au hata 5. Q ikiwa 10 maana yake karibu nusu ya nguvu yote ya bembea hupotea kwa kila mzunguko mmoja. Kwa hiyo katika masafa ya chini mafundi huilalamikia koili, na huku juu huilalamikia varakta. Ukiikuza varakta unapata masafa mapana lakini bembea inaota kutu. Kama hilo halitoshi, varakta kubwa huifanya osileta iwe na masikio mepesi kupita kiasi. Ikiwa volti moja inahamisha gigahezi 7, basi mtikisiko wa elfu moja ya volti kwenye waya wa volteji unauhamisha mpigo kwa megahezi 7.

Na bembea yenye kutu, inayosukumwa kwa nguvu muda wote na transista ambazo nazo zina ile shshsh yao, haipigi sawasawa. Mpigo mmoja huwahi kidogo, mwingine huchelewa kidogo. Hiyo ndiyo kelele ya awamu. David Leeson aliiandikia kanuni mwaka 1966, na katika kanuni hiyo ukiongeza Q mara mbili, kelele hupungua mara nne. Mwaka 1998 Ali Hajimiri, mwingine aliyetoka Iran, pamoja na mwalimu wake Thomas Lee, walionyesha kwamba wakati ambao kelele inaingia nao una maana kubwa. Kelele ikiipata bembea iko kileleni, ambapo imesimama kidogo kabla ya kugeuka, huubadilisha ukubwa tu, na ukubwa hujirekebisha. Ikiipata katikati ya safari, huuchelewesha au kuuwahisha mpigo, na kosa hilo halifutiki. Kwa hiyo transista nzuri husukuma kwa muda mfupi, wakati ule usio na madhara. Anayesukuma mtoto kwenye bembea analijua hili bila kufundishwa.

Je, mtu wa kawaida itamhusu nini kelele ya awamu? Turudi kwenye rada ya gari. Rada hutuma wimbi ambalo masafa yake yanapanda taratibu, kwa mfano kutoka gigahezi 77 hadi 81, na mwenye kuyapandisha ni osileta yetu. Wimbi hugonga kitu likarudi, na likirudi huikuta osileta imekwisha kupanda kidogo zaidi. Tofauti ya wimbi lililorudi na lililopo sasa ndiyo inayosema kitu kiko umbali gani. Kwa mpando huo wa gigahezi 4, vitu viwili vilivyoachana kwa sentimita 4 hivi vinaweza kutambuliwa kuwa ni viwili.

Sasa piga picha lori limesimama pembeni mwa barabara, na mtoto ametokea ubavuni mwake akitaka kuvuka. Lori ni bati kubwa; mwangwi wake unaweza kuwa na nguvu mara mia na zaidi kuliko wa mtoto. Osileta ikiwa safi, mwangwi wa lori huonekana kama mlingoti mwembamba, na pembeni yake mwangwi mdogo wa mtoto unaonekana. Osileta ikiwa na kelele, mlingoti huota matako mapana kama mbuyu, na mtoto anazama ndani yake. Ni kweli kwamba kwa vitu vya karibu sana kelele hujifuta kwa kiasi, kwa kuwa wimbi lililorudi na lililopo bado vinafanana, lakini hutegemei hilo peke yake. Sisi ambao kila asubuhi tunawavusha wanafunzi wetu barabara kuu kwa kushikana mikono na kuinua kitabu juu, hatuwezi kuiona hesabu ya femtofaradi 5 kuwa ni mchezo wa matajiri.

Wahandisi wameitafutia shuka lile fupi njia kadhaa. Iliyoenea zaidi ni kuiacha varakta ndogo, na kando yake kuweka kapasita nyingi ndogo ndogo zenye swichi. Swichi hukupeleka karibu na masafa unayoyataka kwa hatua kubwa, kama ngazi, kisha varakta inamalizia sehemu iliyobaki. Hivyo volti moja haihamishi tena gigahezi 7, labda 1 tu, na masikio mepesi yamepona. Lakini swichi nazo ni transista, zina kapasita zao na ukinzani wao, kwa hiyo deni limehamia kwingine. Njia nyingine ni kukubali kwamba gigahezi 77 ni juu mno, ukatengeneza osileta ya 19 au 20 ambako varakta bado ina afya, halafu ukazidisha mara nne kwa saketi nyingine. Baadhi ya rada za magari zinafanya hivyo. Kuzidisha mara nne huongeza nguvu ya kelele mara 16, ila mara nyingi osileta ya chini huwa safi kiasi kwamba bado umepata faida.

Na juu ya yote hayo huwekwa msimamizi. Osileta huachwa ikipiga, mpigo wake hugawanywa mara nyingi, kisha hulinganishwa na mpigo wa fuwele wa megahezi 40 au karibu na hapo. Ikiwahi, volteji ya varakta hurekebishwa; ikichelewa, vivyo hivyo. Msimamizi huyu huzuia kuyumba kwa polepole, lakini kutetemeka kwa haraka hakuwahi. Hapo ni usafi wa osileta yenyewe.

Kijana wetu alituonyesha kwenye kompyuta yake jinsi kazi inavyokwenda. Kwanza hesabu za karatasi kama hizi tulizofanya. Kisha programu ya kuigiza saketi. Kisha unaichora chipu yenyewe, waya kwa waya, na programu nyingine inakokotoa kila kipande cha waya kimeongeza femtofaradi ngapi na pikohenri ngapi. Unakuta mambo yameharibika, unarudi mwanzo. Alisema marudio kumi ni ya kawaida. Ndipo michoro inapelekwa kiwandani, na unasubiri kwa miezi. Chipu zikirudi na masafa yamehama, hakuna kufuta kwa ufutio.

Zamani programu hizo zote zilikuwa za kulipia fedha nyingi, na michoro ya viwanda ilikuwa siri. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walitoa bure maelezo ya CMOS ya nanomita 130, na programu za kuigiza na kuchora kama ngspice na Magic zinapatikana bila malipo. Kompyuta ya kawaida inazibeba. Teknolojia hiyo haitakufikisha gigahezi 77 kwa urahisi, lakini osileta ya gigahezi 2.4 unaweza kuiigiza ukiwa nyumbani, ukaona mlio ukianza kutoka kwenye shshsh na kukua mbele ya macho yako.

Yule wa darasa la tatu sasa yuko la nne. Tumemsomea makala hii kabla ya kuichapa, akasikiliza kimya, kisha akauliza kwa nini mlio wa spika yetu ulikuwa mwembamba na wa msikiti wa jirani ni mnene. Tumempa futi kamba apime mwenyewe umbali wa maiki na spika katika sehemu zote mbili.

Nanyi wanafunzi wa sekondari, hesabu yenu ni hii: mna koili ya pikohenri 60 na mnataka osileta ya gigahezi 77. Mnahitaji kapasita ya femtofaradi ngapi? Sisi tumepata 71. Kisha toeni 45 za transista na nyaya, mtuambie rada yenu itaweza kuzunguka kutoka gigahezi ngapi hadi ngapi, na kama itatosha kufika 81. Majibu yaletwe kwa maandishi, pamoja na njia.